Masikio ya Ukoo

Siwema bado yuko kwenye benchi la tatu, upande wa wanawake, na damu bado inamtoka. Wiki nzima nimemwacha hapo. Mlionipigia simu kunitukana, tulizeni roho, namnyanyua sasa.

Katekista wa Mkumbi ndiyo kwanza amesoma nia za misa. Nia ya kwanza, marehemu. Nia ya pili, mvua. Nia ya tatu ameisoma kwa sauti iliyowafikia hata wauza maandazi nje ya ua: "Nicholaus, mtoto wa marehemu Joakim, anamshukuru Mungu kwa ujauzito wa mke wake baada ya miaka tisa ya ndoa."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Shingo zote zikageuka.

Siwema akasimama. Akavuta kitenge kikafunika vizuri nyuma, akapita katikati ya shangwe bila kumtazama mtu, akatoka.

"Kichefuchefu hicho!" akasema mama mmoja kwa furaha. "Mwacheni apate hewa."

Upande wa wanaume Nicholaus alikuwa anatabasamu. Masikio yake mawili makubwa, yaliyosimama kama mikono ya sufuria, yaling'aa kwa fahari. Yawekeni akilini masikio hayo. Ukoo wake unayaita mhuri wa nyumba, na leo mhuri huo utakaguliwa.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, siri ni hii. Ukoo mzima unaamini Siwema, binti wa Kihagara, ni mgumba. Siyo kweli. Asiye na mbegu ni Nicholaus. Kwa miaka miwili sasa wanapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa kujificha, ambako daktari anampandikiza Siwema mbegu ya mchangiaji, mtu wasiyemjua na asiyewajua. Watu wanaambiwa wanakwenda kutibiwa mgongo. Mgongo wa Nicholaus unapewa pole wilaya nzima.

Na Kanisa lenyewe njia hiyo halikubali. Nicholaus hilo halikumzuia kuipelekea sadaka.

*

"Umewaambia nini watu?"

Siwema alimngoja mlangoni. Kitenge cha kanisani kilikuwa kimelowekwa kwenye ndoo.

"Nilishukuru tu, mke wangu."

"Ulishukuru nini?"

"Nesi si alisema zoezi limekwenda vizuri? Wewe mwenyewe ulisikia."

"Alisema mbegu imefika inapotakiwa kufika. Hakusema imeota! Kipimo kilikuwa kesho kutwa. Kesho kutwa, Nicholaus! Hukuweza kufunga mdomo hadi kesho kutwa?"

Nicholaus akaiona ndoo. Maji yalikuwa mekundu. Akakaa kwenye gunia la kahawa.

"Imetoka?"

"Haikutoka kwa sababu haikuingia. Haikushika. Sasa hebu nijibu. Bwana mifugo alipompandisha Malkia kwa mrija, ilishika mara ya ngapi?"

Malkia ni ng'ombe wao wa maziwa.

"Ya tatu," akasema Nicholaus taratibu.

"Na ulimpelekea Malkia nia ya misa baada ya mara ya kwanza?"

Nicholaus akaanza kuchomoa nyuzi za gunia.

"Ng'ombe ulimvumilia. Tena ulikuwa unambembeleza. 'Pole mama, usijali, tutajaribu tena.' Nilikusikia bandani! Mimi hata pole hiyo hujawahi kunipa."

"Pole, mke wangu."

"Nyamaza. Daktari nilimwuliza nini siku ile?"

"Uliuliza mengi."

"Niliuliza moja. Itachukua muda gani? Akajibu nini?"

Nicholaus akatazama dari kama mtoto wa katekisimu aliyesahau amri ya saba. "Alisema yai ni moja kwa mwezi, kwa hiyo jaribio ni moja kwa mwezi. Likikosa, tunangoja mwezi mwingine."

"Endelea."

"Wapo wanaobahatika la kwanza. Wengi wanahitaji kadhaa. Tukifika la sita bila kitu, tunakaa naye kuzungumzia njia nyingine. Tangu vipimo hadi mtoto, tusishangae miaka miwili ikipita."

"Na sisi tuko jaribio la ngapi?"

"La pili."

"La pili! Na wewe umeshaita ukoo uje kuona mtoto."

Mtauliza, imekuwaje miaka miwili iliwe na majaribio mawili? Swali zuri. Hospitali haina kosa. Vipimo vya Siwema viliisha kabla ya mwezi kuandama mara ya pili. Vipimo vya mumewe vilikula nusu mwaka na zaidi, maana alipima Songea akasema mashine mbovu, akapima Mbeya akasema mpimaji kalewa, akapima Dar es Salaam akaambiwa sifuri kwa mara ya tatu, akauliza kama sifuri hiyo ni kubwa au ndogo.

Ukaja wakati wa kukaa na mshauri. Hapo Nicholaus akataka mchangiaji awe Mmatengo kama yeye, mrefu, Mkatoliki, asiyekunywa. Mshauri akamwuliza kama anatafuta mtoto au katekista. Nicholaus akanuna. Kununa kukachukua miezi mitatu.

Mbegu zenyewe zilikuwa tayari. Zilishakaa nusu mwaka kwenye ubaridi mkali, mchangiaji akaitwa kupimwa damu mara ya pili, zikaruhusiwa. Mbegu ndizo zilizomngoja Nicholaus. Halafu kahawa ikaiva, bwana akagoma kusafiri hadi avune, akoboe, aanike, auze. Mti wa kahawa anaungoja miaka mitatu uzae kikapu cha kwanza, na kila asubuhi anausalimia. Mke anampa wiki mbili.

Kwa hiyo mkiulizwa safari hii huchukua muda gani, semeni hivi: huchukua miezi ya daktari, jumlisha miaka ya kiburi cha mwanamume. Ya kwanza inahesabika.

*

Siwema akachukua simu. "Aidan, mdogo wangu. Njoo na pikipiki. Ndiyo, leo. Njoo unichukue."

"Unakwenda wapi?" Nicholaus akaruka kutoka kwenye gunia.

"Kihagara, kwetu ziwani."

"Siwema, nisikilize..."

"Nimekusikiliza miaka tisa. Miaka tisa naitwa gogo, nachekwa kisimani, nachekwa kwenye mashimo ya ngoro nikilima, nachekwa mnadani. Wewe unasikia na unakula. Hata dawa za mitishamba mama yako alizoniletea nilizinywa mimi, wewe ukinishikia kikombe! Mgonjwa ananishikia mimi kikombe!"

Kabla Nicholaus hajajibu, ngoma ikasikika mteremkoni.

Wanawake wa ukoo walikuwa wanapanda kilima. Mbele alikuwa Tadea, mke wa baba mdogo Mansuetus, mtunzi wa nyimbo za kijiji, mkono mmoja chungu, mkono mwingine kitambaa cheupe. Wimbo ulikuwa umeshatungwa njiani, moto moto:

*Mke wetu wa ziwani, tulimwita gogo kavu,*
*Leo kaweka tumboni kitoto chenye mashavu,*
*Toka Mbinga hadi pwani wambea vinywa vikavu,*
*Haya tokeni nyumbani, tumkate mbuzi mbavu!*

Na mbuzi kweli alikuwepo. Alivutwa na Ignatio, mtoto wa Mansuetus, baba wa watoto watano, kijana anayetembea kifua mbele kana kwamba watoto hao aliwazaa peke yake. Masikio yake? Yale yale. Ukimweka ubavuni mwa Nicholaus utadhani sufuria mbili za duka moja.

Wa kwanza kuingia ndani alikuwa Serafina, mama yake Nicholaus, kikongwe mkavu mwenye macho makali. Alikuwa na kuku kwapani. Akamtazama mwanawe. Akamtazama mkwewe. Akaitazama ndoo.



Serafina akachukua ungo ukutani, akaifunika ndoo, akatoka bila kusema neno. Kuku bado kwapani.

"Ameona," Nicholaus akanong'ona. "Tumekwisha."

"Umekwisha wewe," akasema Siwema, akafungua mlango.

Wimbo ulikuwa umefika kwenye mashavu. Siwema akainua mkono.

"Mama zangu, asanteni kwa wimbo. Umetungwa vizuri. Lakini sina mimba."

Ngoma ikafa. Tadea akakishusha kitambaa. Nyuma ya nyumba mbuzi akalia mara moja, kisha hakulia tena. Ignatio alikuwa hajasikia tangazo.

"Nini?" Sauti nzito ikatoka kwenye kivuli cha vichanja vya kahawa. Alikuwa Mansuetus, mkubwa wa ukoo tangu kaka yake Joakim afariki. "Huna mimba? Na padri ameshaombea?"

"Sina, baba."

"Basi sengu ikae leo leo!" akanguruma. "Mbuzi ameshachinjwa, hawezi kuliwa bure."

*

Sengu ni chakula cha ukoo, na ni baraza lake pia. Vijana wa siku hizi wameanza kuisahau, lakini nyumba hii inaikumbuka kila inapotaka kumsulubu mtu. Wote wanakula pamoja, neno linatafunwa pamoja na nyama, na sheria ni moja tu: hakuna anayenawa mikono hadi neno liishe. Mkubwa akinawa, limeisha. Aliyehukumiwa kahukumiwa, hakuna rufaa.

Aidan alifika wakati ugali unapakuliwa, vumbi la Nyasa nzima likiwa usoni.

"Shikamoo, baba Mansuetus. Shikamooni wazee."

"Marahaba. Umekuja kula?"

"Nimekuja kumchukua dada."

"Ah, mtumbwi umefika!" Mansuetus akacheka, na wakubwa wakacheka naye kwa wajibu. "Karibu, mla dagaa wa usipa. Leo utafune nyama, ujue meno yana kazi gani."

"Asante, baba. Ziwani meno tunayo. Huku naona mnayatumia kuuma wake zenu tu."

Wanawake wawili wakajikohoza kuficha kicheko.

Siwema alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi. Akamwita mumewe pembeni, akamwambia maneno machache, na maneno hayo ndiyo kisu cha hadithi yetu leo.

"Nicholaus. Kabla baba mdogo hajanawa, uwe umesema ukweli wako mwenyewe kwa mdomo wako. Ukisema, nabaki, na mwezi ujao tunakwenda jaribio la tatu. Akinawa hujasema, napanda pikipiki. Na nikishuka Kihagara, sipandi tena mlima huu."

"Mbele ya Ignatio?" Nicholaus akauliza.

Mnamwona? Mke anaondoka, yeye anamwogopa Ignatio.

*

Mansuetus akamega tonge la kwanza. "Neno ni fupi. Miaka tisa. Mbuzi huzaa kwa miezi mitano. Ng'ombe kwa miezi tisa. Hata punda, mnyama mjinga, mwaka mmoja tu. Miaka tisa! Huyu mke anatengeneza nini humo ndani, treni?"

Kicheko.

"Nilisema mimi. Nilisema, msioe ziwani. Watu wa huko ni Waanglikana na wanakula muhogo."

"Sasa, baba," akadakia Ignatio huku akilamba vidole, "labda tatizo ni mkulima. Shamba likilimwa na mwingine..."

"Hilo ndilo nataka kusema." Mansuetus akashusha sauti, akawa mtakatifu ghafla. "Zamani tulisaidiana ndani ya nyumba. Kimya kimya. Ignatio ni damu yetu. Akimsaidia ndugu yake, mtoto anatoka na masikio yetu, nani atajua? Mwezi mmoja kazi imekwisha. Hakuna mabasi, hakuna mgongo. Mke akikataa, pikipiki hiyo hapo."

Ignatio akajinyoosha. Alikuwa ameshaanza kuonekana mtu mwenye shughuli nyingi.

Macho yote yakamgeukia Nicholaus.

"Sema, mwanangu," akasema Mansuetus. "Wewe ndiye mwenye mke."

Nicholaus akasimama. Akajikohoza. Akashika sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Mimi naona," akaanza, "kwamba... daktari alisema... sisi wote wawili tuna matatizo madogo madogo. Yaani kwa pamoja. Zaidi ni mgongo."

Mgongo! Ndugu msomaji, nilitamani kuingia ndani ya hadithi nimpige ngumi.

Siwema akageuka. Akatupa begi begani, akatembea hadi kwenye pikipiki. Aidan akapiga kiki. Pikipiki ikaunguruma.

"Leteni maji," akasema Mansuetus kwa utulivu. "Neno limeisha."

Bakuli likaletwa. Jagi likaletwa. Mansuetus akanyoosha vidole vyake vyenye mafuta juu ya bakuli. Siwema akapandisha mguu mmoja.

"MIMI!"

Kelele hiyo ilimtoka Nicholaus kama kitu kilichokuwa kimemkaba.

"Mimi ndiye sina! Mke wangu ni mzima! Nimepimwa mara tatu, mara zote sifuri. Miaka tisa mnamtukana mtu mzima kwa ugonjwa wangu, na mimi nakaa nakula nanyi. Dawa zenu kanywa yeye. Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja!"

Hakuna aliyetafuna.

"Na tunakokwenda Dar es Salaam, tunakwenda kupokea mbegu ya mchangiaji. Tumejaribu mara mbili. Daktari kasema inaweza kuwa sita, inaweza kuwa zaidi. Nitangoja. Nimengoja kahawa, nimengoja ng'ombe, nitamngoja na mwanangu. Siwema, shuka kwenye pikipiki. Nakuomba."

Aidan akazima pikipiki bila kuambiwa. Siwema akabaki amesimama, mguu mmoja juu, mmoja chini, akimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza na hajaamua kama amempenda.

Ignatio ndiye aliyeanza. Alicheka pumzi moja ndefu. "Sifuri? Kaka, sifuri kabisa?"

"Kimya!" Mansuetus alikuwa amesimama, mikono bado ina mafuta. "Mbegu ya nani? Ya mtu wa barabarani? Mmakonde? Mhaya? Mtoto atarithi ardhi ya baba zetu, ngoro zilizochimbwa na bibi zetu, na masikio yake tutayatoa wapi? Masikio, Nicholaus! Mungu ametupa masikio haya ili tujuane! Haiwezekani. Huyo mke ashuke ziwani leo, na wewe ukae na sifuri yako tukuombee. Lete maji hapa!"

Akanyoosha mkono kuchukua jagi.

Jagi halikuwepo.

Lilikuwa mikononi mwa Serafina. Kikongwe aliligeuza taratibu, maji yote yakamwagika chini, mbwa akasogea kuyalamba.

"Hakuna anayenawa," akasema.

"Shemeji, unavunja sengu."

"Naishika. Neno halijaisha, limeanza sasa. Kaa chini, Mansuetus."

Mansuetus akakaa. Hata yeye hakujua kwa nini.

"Umesema masikio," akasema Serafina. "Shika masikio yako."

"Nini?"

"Yashike. Mbele ya watu."

Mansuetus akainua vidole vyake vya mafuta, akayatafuta masikio yake. Yalichukua muda kupatikana. Yalikuwa madogo, yamelala, yamejikunja kama uyoga uliokosa mvua. Miaka yote hiyo ya kuyasifu masikio ya ukoo, hakuna aliyewahi kumtazama yake.

"Na Joakim, Mungu amrehemu, alikuwa na ya panya," akasema Serafina. "Picha yake ipo ukutani. Nani hapa alishaitazama?"

Nicholaus akageuka kuitazama picha ya baba yake kupitia mlango uliokuwa wazi. Akayashika masikio yake mwenyewe. 

"Joakim na Mansuetus waliugua matumbwitumbwi wakiwa vijana, mwaka mmoja, kitanda kimoja," Serafina akaendelea. "Walivimba hadi huko chini kwenye mbegu, wakashindwa kutembea. Nikaolewa. Mwaka wa kwanza, kimya. Wa tatu, kimya. Wa sita, nikawa gogo. Mkakaa sengu hapa hapa niliposimama sasa. Mkachinja mbuzi. Mkala, mkanawa. Nikaambiwa usiku atakuja shemeji. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Hata Joakim hakuinua macho."

Akamgeukia Siwema. "Wewe ulipandishwa basi la Dar es Salaam. Kule angalau mtu alikuuliza jina lako."

Siwema akashusha mguu wa pili.

Lakini Mansuetus, jamani! Mtu huyu alikuwa ameanza kuchanua. Alijikohoza, akakunja kola, akamtazama Nicholaus kwa macho ya upole wa ajabu.

"Haya, neno limetoka," akasema. "Sikutaka litoke leo. Nicholaus, mwanangu. Ndiyo, nasema mwanangu. Nililibeba miaka yote kwa heshima ya marehemu kaka. Mimi ndiye..."

"Wewe ndiye nini?" akauliza Serafina.

"Si umesema mwenyewe, shemeji? Nilitumwa. Nikafanya kazi ya ukoo."

"Ulifanya. Miezi minane ulifanya. Ukashindwa."

Tonge likamdondoka Ignatio.

"Umesema mwezi mmoja kazi inaisha," Serafina akasema. "Wewe miezi minane hukuweza hata kuzichelewesha siku zangu. Daktari wa mkwe wangu ana mara mbili tu na umeshamkataa. Wewe tukuite nani?"

"Lakini ulishika!" Mansuetus akapaza sauti. "Ulikuja mwenyewe ukaniambia umeshika!"

"Nilikuambia ili uache kuja. Mwezi niliposhika, wewe ulikuwa umelazwa, mguu umevunjika, umeanguka na gunia la kahawa ya wizi. Tangu mwezi wa nyuma yake hukukanyaga kwangu. Hesabu."

Mansuetus akahesabu. Ilikuwa inaonekana usoni, kidole baada ya kidole. Alipofika mwisho wa hesabu, akayashika tena masikio yake, safari hii bila kuambiwa.

"Mkwe wangu haendi ziwani," akasema Serafina. "Mwezi ujao anakwenda Dar es Salaam, na nakwenda naye, nitambebea begi. Ikikosa, tunakwenda tena. Nguvu za kungoja ninazo, miguu ndiyo mibovu. Nani ana neno?"



Siwema akaliweka begi chini, katikati ya uwanja, akalikalia. "Tonge langu liko wapi?" akauliza.

Nicholaus ndiye aliyempakulia, kwa mkono wake, mbele ya wanaume wote. Lakini mchuzi ulimwagika, na hakuuona. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Mama," akasema. "Mimi ni wa nani?"

Serafina akaliweka jagi chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee.

Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mtu mmoja alimtazama Ignatio. Kisha wa pili. Kisha ukoo mzima, polepole, kama walivyogeuka asubuhi kanisani. Waliyatazama masikio ya Ignatio, yaliyosimama, makubwa, mekundu kwa jua la jioni. Wakayatazama ya Nicholaus. Wakayatazama ya Mansuetus, aliyekuwa ameyaficha kwa viganja vyote viwili.

"Mnaniangalia nini?" akauliza Ignatio. Kifua kilikuwa kimeingia ndani.

Serafina akafungua mdomo.

Mwiko ukaanguka chini. Tadea, mke wa Mansuetus, mama yake Ignatio, mtunzi wa nyimbo ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa amesimama, uso umemkauka.

"Dada Serafina," akasema, "nakuomba usimtaje. Ukimtaja wa kwako, umemtaja na wa kwangu."